Chakula, Tembe na Dhiki ya Moyo

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa udongo na akamjaalia kuishi kwa vinavyotoka katika udongo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Baada ya haya: tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa hapa Mtongwe, wanaume kwa wanawake, suala ambalo siku hizi larudiwa sana katika darsa yetu. Wasema: mtu ahisipo moyo wake ni mzito, hana raha wala hamu ya kazi, usingizi wake mbovu na hasira zake karibu, je, ni bora anunue tembe za vitamini na mafuta ya samaki yaliyotiwa katika chupa, kama zinavyosifiwa na wauzaji, au ni bora atengeneze chakula chake? Na je, suala hili ni la madaktari peke yao, au dini nayo ina neno?

Twajibu kuwa ni la wote wawili. Ama kujua ni kitu gani kimepungua katika damu ya mtu, hiyo ni kazi ya daktari, wala si ya sheikh. Lakini dini ina neno, kwani ndani ya suala hili mna mali inayotumiwa, na kila mmoja wetu ataulizwa mali yake aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Mna mwili, nao ni amana. Mna mke na watoto wenye haki ya kulishwa. Na mna mtu mwenye huzuni, ambaye ni rahisi kumdanganya kuliko mtu yeyote, kwani mfa maji hukamata maji.

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: chakula ni kama maji ya udhu, na tembe ni kama udongo wa tayamamu. Kila aliyesoma chuoni ajua hukumu yake. Maji ndiyo asili, na udongo ni badala. Aliye na maji mbele yake, na mwili wake wayaweza, kisha akayaacha akatayamamu, tayamamu yake haikusihi. Lakini aliyeyakosa maji, au ambaye maji yatamdhuru kwa maradhi aliyo nayo, huyo udongo kwake ni rehema ya Mola wake, wala hapana haki ya mtu kumcheka. Na twakumbuka hadithi ya mtu yule aliyejeruhiwa kichwani safarini, akapatwa na janaba, akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu; wakamwambia hana, akaoga, akafa. Khabari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwakasirikia sana wale waliotoa fatwa bila ya ilimu, na akasema kuwa wao ndio waliomuua. Basi katika jambo hili kuna makosa mawili, si moja: kosa la mwenye kuacha asili akakimbilia badala, na kosa la mwenye kumnyima badala aliyeihitaji. Yote mawili twayaona katika mji wetu.

Huenda mtu akasema: huzuni ni jambo la roho, na chakula ni jambo la tumbo, vipi vikutane? Twasema: wanazuoni wetu walilijua jambo hili kabla ya watu wa leo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi, na ndani yake akaigawa huzuni mafungu mawili: huzuni yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na huzuni isiyojulikana sababu yake, ambayo asili yake huwa katika mwili. Hiyo ya pili alisema itibiwe kwa kuutibu mwili. Na Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, yaani 1350, ametaja katika kitabu chake cha tibabu ya Mtume kuwa matabibu wameafikiana ya kwamba maradhi yawezayo kutibiwa kwa chakula yasihamishiwe kwenye dawa, na yawezayo kutibiwa kwa dawa nyepesi yasihamishiwe kwenye dawa iliyochanganywa. Utaona kuwa hakuikataa dawa, bali aliiweka mahali pake.

Na historia ya mji wetu ina ushahidi ulio wazi. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Mabaharia wengi walikuwa wamepatwa na kiseyeye, ugonjwa uwapatao watu wakaao miezi mingi baharini bila ya matunda wala mboga. Ugonjwa huu hauanzi kwa kuvimba fizi na kutoka damu. Huanza kwa uchovu, uvivu na moyo kuwa mzito, hata mtu akadhaniwa kuwa amekata tamaa tu. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wao wakapona, na mwandishi wa safari ile akaandika kuwa wamepona kwa sababu ya uzuri wa hewa ya hapa. Hewa yetu ni nzuri, alhamdulillahi, lakini dawa ilikuwa machungwa. Walipovuka tena bahari kutoka Bara Hindi na kufika Malindi Januari 1499, baada ya kufiwa na watu wengi, wagonjwa wao waliyatamani machungwa hayo hayo, na mtu akatumwa pwani kuyaleta. Mwaka 1747 tabibu wa kizungu, James Lind, aliwajaribu mabaharia 12 kwa dawa mbalimbali, akaona waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Na kitu chenyewe kilichomo ndani ya tunda, kiitwacho leo vitamini C, hakikubainika sawasawa mpaka miaka ya 1930.

Tuyatie moyoni mafunzo mawili katika kisa hiki. La kwanza: yule baharia hakuwa mwoga wala mtu wa imani dhaifu, bali alikuwa mtu aliyepungukiwa, na lau mtu angemwekea tembe ya vitamini C mkononi, ingalimponya kama lilivyomponya chungwa. Basi tembe si uwongo. La pili: chungwa lilimponya kwa kuwa alipungukiwa. Lau angekula machungwa 10 baada ya kupona, asingepata furaha mara 10. Kitu kikishajaa, kukiongeza si kukijaza. Mafunzo mawili haya ndiyo yawachanganyao watu wengi, kwani muuzaji hulitaja la kwanza na kulificha la pili.

Sasa tutazame yaliyothibiti katika zama zetu. Madini ya chuma ndiyo yaifanyayo damu iweze kuchukua oksijeni mwilini. Aliyepungukiwa nayo huchoka bila ya kazi, hukosa pumzi apandapo ngazi, na hasira zake huwa karibu. Foleti, ipatikanayo katika mboga za majani na jamii ya kunde, na vitamini B12, ipatikanayo katika nyama, samaki, mayai na maziwa, zikipungua sana huleta usahaulifu na moyo mzito pamoja na udhaifu wa damu. Haya hayana shaka. Lakini je, mtu asiyepungukiwa akimeza tembe, moyo wake utachangamka?

Hilo limejaribiwa. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika nchi 4 za Ulaya, nazo ni Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Uhispania, kwa watu 1,025 wenye uzito uliozidi na dalili za huzuni, lakini ugonjwa wenyewe haujawashika. Baadhi yao walipewa kwa muda wa mwaka mmoja tembe za mafuta ya samaki pamoja na vitamini D, foleti na seleni, na wengine wakapewa tembe zisizo na kitu ndani yake. Zile tembe za kweli hazikuwakinga na ugonjwa wa huzuni kuliko zile tupu. Mwaka 2020 Wamarekani nao walitoa matokeo ya watu zaidi ya 18,000, wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliomeza vitamini D au tembe tupu kwa muda wa miaka 5 hivi. Haikuonekana tofauti baina yao, si katika ugonjwa wa huzuni wala katika hali ya moyo.

Ama upande wa chakula, mwaka 2017 huko Australia walichukuliwa watu 67 walioshikwa na ugonjwa wenyewe wa huzuni, ambao wengine huuita sonona. Fungu moja lilifundishwa kwa wiki 12 kula mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, nafaka zisizokobolewa na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitamu na vya kukaangwa. Fungu la pili likapewa watu wa kukaa nalo na kuzungumza nalo. Katika fungu la chakula, kama watu 32 katika kila 100 walipona kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa wagonjwa. Katika fungu la pili walikuwa 8 katika kila 100. Nasi hatupendi kumfanyia msomaji wetu kama wauzaji wanavyomfanyia, kwa hivyo twamwambia pia kuwa watu hao walikuwa wachache, na kila mmoja alijua yumo katika fungu gani. Na katika ule utafiti wa Ulaya tuliotangulia kuutaja, mafunzo ya ulaji nayo hayakuonyesha kinga kwa jumla. Alhasili: chakula chema kina dalili njema ya kumsaidia mwenye moyo mzito, tena hakina hasara; na tembe kwa asiyepungukiwa haina dalili, ila ina gharama.

Sasa turudi nyumbani kwetu Mtongwe. Mwenyezi Mungu ametuweka baina ya bahari na mashamba. Vibua na dagaa, ambavyo watu huviona ni samaki wa wanyonge, vina mafuta yale yale ambayo wenye chupa huyauza kwa bei ya dhahabu. Mchicha, matembele, kisamvu, mnavu na mchunga ni mboga za foleti na madini. Mbaazi za nazi, kunde na pojo ni chakula cha damu. Maini yana chuma na B12 kwa wingi. Uji wa wimbi una chuma na chokaa ya mifupa. Ubuyu, mapera, maembe na ndimu zina ile vitamini C ya mabaharia. Na mzunze wamea uani mwa mtu, majani yake yapukutika ardhini, naye mwenyewe atoka nje akanunua unga wa mzunze ndani ya mkebe wenye picha! Ajabu ya mwenye kisima kununua maji kwa mchukuzi.

Wala si kwamba twavila hivi kama walivyovila wazee wetu. Vijana wetu wengi asubuhi ni chai ya sukari na mkate mweupe, mchana ni chipsi na soda, na usiku ni viazi karai barabarani. Kisha mtu asema hana nguvu wala raha, na atafuta chupa. Huku ni kubomoa ukuta wa nyumba na kununua pazia. Na hata apikaye vyema huharibu kwa kutojua: chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma cha mboga na kunde kisiingie mwilini, na ndimu au embe huisaidia kuingia. Basi mwenye kukamua ndimu juu ya mbaazi zake, na kuichelewesha chai yake kama saa moja, amejipatia faida bila ya kutoa senti.

Huenda mtu akasema: nyinyi mwataja samaki na maini, na watu hawana hata cha unga. Neno hili ni la haki, na twalijibu kwa mambo mawili. Kwanza, tumetaja kwa makusudi vitu vya bei nafuu, na kila mwenye nyumba na afanye hesabu: bei ya chupa moja ya mwezi ingenunua mafungu mangapi ya mchicha, vibaba vingapi vya kunde, na mayai mangapi? Tena chupa hula mtu mmoja, na chungu hula nyumba nzima. Pili, asiye na kitu kabisa hadaiwi hesabu hii. Tudaiwao ni sisi jirani zake. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr apikapo mchuzi azidishe maji na awaangalie jirani zake. Wenye kutoa zaka na sadaka, na wakumbuke kuwa kilo za kunde na chupa ya mafuta ya kupikia katika nyumba ya mjane huenda zikafanya kazi ambayo mawaidha yetu hayaifanyi.

Na hapa lipo jambo ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Katika nyumba zetu nyingi mama ndiye mpishi naye ndiye wa mwisho kula. Baba hupewa kipande cha samaki cha kati, watoto hupewa kinachofuata, naye hubaki na mchuzi na ukoko. Huyu ndiye apotezaye damu kila mwezi, ndiye achukuaye mimba, ndiye anyonyeshaye. Damu ikimpungua, akawa hacheki, alia bila ya sababu, hawezi kuamka, husemwa kuwa ana pepo, na pesa zilizokosekana za kumnunulia maini hupatikana za kupigia ngoma. Au husemwa kuwa hana shukurani. Twasema wazi: kumlisha mke kwa wema ni wajibu wa mume, si hisani yake, na nyumba ambayo mwanamume hushiba nayo mke akapungukiwa na damu, mwenye nyumba hiyo hana haki ya kuuliza kwa nini hapana furaha ndani yake.

Tena mama huyu ndiye mfano wa wale waliohalalishiwa tayamamu. Wajawazito katika nchi yetu hupewa kliniki tembe za chuma na foleti ili wazimeze kila siku, kwani haja ya mwili wakati huo ni kubwa kuliko kiwezacho kutolewa na chungu cha nyumba nyingi. Wako wanaozitupa kwa kuwa zawatia kichefuchefu, na wako wakwe wanaosema kuwa wazee wetu walizaa bila ya tembe. Ndiyo, walizaa, na makaburi ya wanawake waliokufa uzazini twayajua. Tembe hii ni dawa kwa haja iliyojulikana, na kumzuia mtu nayo ni jinsi ya ile fatwa iliyomuua mjeruhiwa. Ikimkera, na arudi kwa muuguzi amwelekeze namna ya kuimeza. Kadhalika mwenye sukari ambaye ametumia metformin kwa miaka mingi, dawa hiyo hupunguza B12 mwilini, na mzee ambaye tumbo lake haliipokei B12 vyema, na mtu asiyetoka juani kabisa: hawa na waende wakapimwe, na wakipatikana na upungufu wameze walichoandikiwa, kwani chakula peke yake huenda kisiwatoshe. Wala tusiweke uadui baina ya chungu na kiwanda: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano ufungwao viwandani utiwe madini ya chuma na vitamini, na chumvi yetu ina aidini tangu zamani. Watukanao tembe zote wala tembe ndani ya sima bila ya kujua.

Ama wauzao chupa mitaani na majumbani, wakasema kuwa chupa moja yaondoa huzuni, sukari, shinikizo la damu na utasa, twawakumbusha neno la Mtume (S.A.W.) kuwa mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa tibabu, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Na madhara yapo. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto tumboni. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Tembe za chuma, ambazo mtoto mdogo huzidhania peremende, zaweza kumuua. Na baya kuliko yote ni kumwambia mgonjwa aliyeandikiwa dawa na daktari aziache kwa sababu ya chupa. Ndugu yetu uuzaye, huenda umeingizwa katika biashara hii na mtu uliyemwamini, ukaambiwa utapata fungu lako kwa kila utakayemwingiza; lakini riziki ya halali haipatikani kwa kumwambia mwenye dhiki jambo usilolijua.

Tumeulizwa pia juu ya maganda ya tembe yaliyotengenezwa kwa jelatini, ambayo huenda ikawa ya nguruwe. Wanazuoni wamekhitilafiana katika kitu kilichobadilika dhati yake, na wenye kukataza na wenye kuruhusu wote wana hoja zao. Sisi twasema: dharura ndiyo ihalalishayo kilichokatazwa, na hapana dharura ya kumeza mafuta ya samaki ndani ya ganda la shaka na samaki mwenyewe yuko sokoni Likoni. Ama mgonjwa aliyeandikiwa dawa, na amwulize mwuza dawa kama ipo ya ganda jingine, na isipopatikana asiache dawa yake.

Tumelibakisha neno lililo kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Mama Aisha (R.A.) kuwa alipofiwa na mtu katika jamaa zake, na wanawake waliokuja wakatawanyika wakabaki watu wa nyumbani, alikuwa akiamrisha ipikwe talbina, nao ni uji wa shayiri, ikamwagiwa juu ya tharidi, kisha huwaambia wale, kwani alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kuwa huutuliza moyo wa mgonjwa na huondoa baadhi ya huzuni. Watu wengi huitaja hadithi hii kuusifia uji wa shayiri, na sasa hata shayiri imetiwa katika mikebe kwa jina la talbina. Lakini tazameni mambo mawili. Mtume (S.A.W.) amesema baadhi ya huzuni, hakusema huzuni yote. Na uji ule ulipikwa na mtu akapewa mtu, ndani ya nyumba, na watu wakiwa wamekaa pamoja. Ile sehemu ambayo chakula hakiiondoi, ni ya nani kuiondoa?

Sisi watu wa Mtongwe tusiulizwe kama twaijua huzuni. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka karibu na pwani yetu na watu 272 wakafa, watu waliokuwa wakienda kazini kutafuta riziki. Hapana chupa wala sahani iwezayo kuifuta huzuni ya nyumba iliyotoa jeneza siku ile. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wawapikie jamaa zake, kwani wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Nasi tumeigeuza sunna hii juu chini: mfiwa ndiye akopaye mchele na mbuzi awalishe wanaokuja kumliwaza, na wakisha kula huondoka, naye hubaki na deni juu ya huzuni. Basi mwenye kutaka kumponya nduguye moyo, na aanze hapa: apeleke chakula, na akae akile naye.

Wala asimwambie kuwa huzuni yake ni upungufu wa imani. Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, naye ni Nabii. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mola wake amkinge na hamu na huzuni, na mwaka aliofiwa na Mama Khadija na Abu Talib wanazuoni wameuita mwaka wa huzuni. Ikiwa dhiki imemkaa mtu wiki mbili na zaidi, hali, halali, hataki kuonana na watu, haoni thamani ya nafsi yake, huyo si wa kuachiwa mbaazi na vibua peke yake, seuze chupa ya njiani. Na apelekwe hospitali. Hapa kwetu iko Likoni, na Port Reitz na Makadara si mbali. Na akisema kuwa atamani kufa, apelekwe siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja. Dua na Qur'ani zitangulie naye, na daktari asiachwe nyuma.

Huu ndio mpango tuuonao kuwa ni wa haki. Mtu aanze na chungu chake, kwani ndiyo asili. Akiendelea kuwa dhaifu, na apimwe, na tembe aimeze kwa upungufu uliothibiti, kwa kiasi alichoandikiwa na kwa muda alioandikiwa. Dhiki ikizidi, na atafutiwe tabibu wa maradhi ya moyo na akili. Na katika hali zote tatu asiachwe ale peke yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzilinda amana zetu, awape wagonjwa wetu afya na wenye dhiki faraja, na atufanye tuwe sababu ya faraja hiyo. Amin.